Bustani ya Kumwita Mgeni

Harufu ya maua ya mpapai dume haina mfano. Si kali kama asumini inayokukaba koo, wala haijipendekezi kama udi. Huja jua likishazama, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ncha za vidole. Wengi hawaijui, kwa sababu mpapai dume hauzai, na mti usiozaa kwetu hauachwi ukazeeka. Mimi naijua. Mwaka niliokuwa nikisoma masomo ya jioni, mwanamke mzima mwenye watoto, nimebanwa kwenye dawati la darasa la tatu hata magoti yanagusa masikio, harufu ile iliingia dirishani mwalimu akiwa katikati ya historia. Nyuma yake akaingia nondo, naapa, mkubwa kama njiwa, akatua ubaoni juu ya tarehe tuliyotakiwa kuikariri. Darasa zima likacheka. Mwalimu akainua kifutio amfukuze. Nikajikuta nimesimama nasema, "Usimfukuze, Mwalimu!" Kisha nikatoka nje nikalia mpaka kipindi kikaisha. Wenzangu walidhani historia imenishinda.

Ngoja basi nikueleze wewe kile nilichoshindwa kuwaeleza wao.

Tulikaa Kibirizi, Kigoma, juu kidogo ya mwalo wanaposhukia wavuvi na abiria wa maboti, mahali ambapo ukifungua mlango ziwa lote linaingia ndani: mwanga wake, upepo wake, na harufu ya dagaa. Hasa dagaa. Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa, na harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye mito ya kulalia, na siku moja ustadhi aliapa kwamba ameinusa kwenye juzuu yangu. Baba, Muha wa Kasulu, alikuwa mtu wa reli. Tulimwona mwisho wa mwezi, akala, akalala, akaondoka. Mwenye nyumba kwa maana zote alikuwa Bibi, mama yake mama, mtu wa Ujiji, mwembamba kama ufito na mwenye sauti ya kusimamisha boti katikati ya ziwa.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kulipokucha tu, maboti yalionekana yakitoka upande wa Burundi, yamejaa watu hata maji yanalamba kingo. Walishuka na magodoro, na mbuzi, na cherehani. Niliwahi kumwona mzee aliyevuka na mlango wa nyumba yake, mlango mtupu, kaubeba kichwani. Malori yalikuwa yakingoja kuwapeleka makambini. Sisi watoto tulizoea kuangalia, kama mtu anavyozoea mvua ya nchi yake.

Asubuhi moja Mama alikwenda kununua dagaa akarudi na mtoto.

Bibi aliinua macho kwenye ungo. "We Asha," akasema, "dagaa wa leo mbona wana miguu?"

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa kimo changu, kavaa sweta la mtu mzima, mikono imening'inia kama ya kinyago cha shambani. Jina lake Donata. Alikuwa amevuka na majirani zao. Mama yake na kichanga chake walikosa nafasi katika boti lile, wakabaki kungoja linalofuata, na mama yule alimwambia mwanawe neno moja tu: "Ukishuka, usiondoke. Nikukute pale pale." Majirani walipopanda lori kwenda kambini, Donata alikumbatia mguu wa kichanja cha kuanikia dagaa, akapiga kelele mpaka wakamwacha. Tangu siku hiyo alikuwa akilala kati ya magunia. Mama yangu alikuwa akimwona kila asubuhi, na kila asubuhi akijiambia kwamba si kazi yake, mpaka ikawa kazi yake.

Donata alisimama mlangoni petu, akaangalia nyumba, akaangalia mwalo kule chini, akapima kwa macho. Mlango ulionekana kutoka majini, na maji yalionekana kutoka mlangoni. Ndipo akakubali kuingia. Kwake yeye, bado alikuwa pale pale.

Lugha haikutusumbua. Kirundi chake na Kiha cha baba yangu ni ndugu wa tumbo moja. Palipokosekana neno tulilijaza kwa mikono. Alinifundisha kulima, kwa maana mimi, mtoto wa samaki, jembe nililijua kama kitu cha kufungulia milango iliyokwama. Nami nilimfundisha kuogelea, kazi niliyoijutia, maana baada ya siku chache tu alikuwa akiogelea kama kambale na mimi bado napiga maji kama kuku.

Sasa, jambo lenyewe lilianza hivi. Siku moja, Bibi akifagia, kipepeo mweusi mwenye mabaka ya njano aliingia ndani, akazunguka chungu, akatua ukutani. Mimi nikachukua kanga nimpige.

"Koma!" Bibi akasema. "Huyo ni mgeni. Kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani." Akaongeza konzi ya unga chunguni.

Na kweli, jua halijatimia utosini, mjomba akatokea kutoka Ilagala, kabeba dumu la mawese na uvumi wa kutosha mwezi mzima. Tulikula, tukacheka. Donata hakula. Alikuwa akimtazama mjomba, kisha ukuta, kisha mjomba, kama mtu anayejaribu kukamilisha hesabu.

Jioni alimfuata Bibi aliyekuwa akichambua mchele. "Bibi, na nondo je? Nao huleta mgeni?"

Bibi hakuinua uso. "Kipepeo huleta mgeni wa kula na kuondoka. Nondo huleta mgeni wa kulala."

Hadi leo sijui kama hilo la nondo ni la wahenga au Bibi alilitunga pale pale kati ya punje mbili za mchele. Lakini Donata alilipokea kama mtu anavyopokea funguo. Usiku ule alininong'oneza kitandani: kipepeo mmoja kamleta mjomba na dumu zima. Wakija wengi? Na nondo wakija wengi? Mama yake ni mgeni wa kulala. Basi kwa nini tukae tunangoja, wakati tunaweza kuita?

Niliona ni akili iliyozidi ya mkuu wa mkoa.

Tulianza vibaya. Kule chini, mahali akina mama walipooshea samaki, vipepeo walikuwa wakitua kwa makundi kunywa maji ya mchangani, na wewe ukipita wanaruka kama makaratasi. Tuliwafunika kwa kipande cha wavu wa dagaa, tukawabeba mpaka nyumbani, tukawamwaga ndani. Nusu walikuwa wameshakufa. Waliobaki walitambaa sakafuni na mbawa zilizochanika, na kuku akaingia akamaliza shughuli. Donata alilia. Bibi aliokota bawa moja, akaliweka kiganjani kwake.

"Mgeni hakamatwi, wanangu," akasema. "Mgeni huandaliwa."

Ndivyo tulivyokuja kulima bustani mahali ambapo hata bangi mwitu ilikuwa imekata tamaa. Udongo wetu ulikuwa mawe na mawe yalikuwa na watoto wao. Donata aliyachimbua moja moja, akayapanga kuwa ukingo, kisha akataka mbolea. Ng'ombe hatukuwa naye. Tulikuwa na dagaa walioharibika, tukawafukia. Ewe msomaji! Asubuhi iliyofuata paka wote wa mkoa wa Kigoma walikuwa uani kwetu, na wengine nadhani walivuka kutoka Kongo. Wakafukua kila kitu. Tukafukia tena, safari hii tukaweka mawe juu, nasi tukakaa juu ya mawe.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bibi alitupeleka Ujiji kwa dada yake, tukarudi na vipando vimefungwa kwenye majani ya mgomba: asumini, na yale maua ya alasiri yanayolala mchana kutwa kama wavivu na kufunguka watu wakiita adhana. Njiani Donata aling'oa kile kichaka chenye miiba midogo, ambacho maua yake ya njano na mekundu hukaa kichala kimoja kama akina mama kwenye benchi la zahanati, kwa kuwa aliona vipepeo watatu wakigombania ua moja. Alikuwa akiangalia kila kitu. Alijua nani anakwenda wapi na saa ngapi, kuliko karani wa bandari.

Kisha kulikuwa na mpapai. Ulikuwa umejiotea nyuma ya choo, na ulipotoa yale maua yake marefu yanayoning'inia, ikajulikana ni dume. Bibi akamwita jirani aje na panga. Lakini Donata alikuwa ameshaona nondo wanavyouzunguka magharibi, wanasimama hewani bila kutua, mdomo mrefu umezama ndani ya ua, mbawa zinatetemeka hata hazionekani. Akaukumbatia ule mti kama alivyokumbatia kichanja cha dagaa siku ile. Jirani akabaki na panga lake.

"Mama, nikate mti au nikate mtoto?" akauliza.

Bibi alimpungia mkono. "Nenda ukakate kuni," akasema.

Na mlango. Donata aliomba mlango usifungwe kutwa, maana mgeni aliyealikwa akikuta kumefungwa itakuwa ni kumtukana. Bibi, aliyekuwa akimpiga mtu kwa kuacha vumbi liingie, akakubali. Wakaingia kuku, wakaingia mbuzi wa jirani wakala mkeka, akaingia kichaa mmoja wa mwaloni akalala kitandani kwangu. Vipepeo nao wakaingia. Na wageni, sikufichi, walikuja! Nyumba yetu ilikuwa pekee yenye maua kwenye mteremko wote ule, na watu walioshuka majini wameungua jua waliiona kwanza kabla ya kuona kitu kingine. Walipanda kuomba maji. Donata aliwaketisha, akawapa kikombe kwa mikono miwili, na kabla hawajamaliza kunywa alikuwa ameshawauliza, "Muvuye he?" Mmetoka wapi? Wakitaja upande wa kwao aliuliza la pili, la mama yake. Hakuna aliyejua.

Aliuliza mwaloni pia. Kila asubuhi alishuka na Mama kuuliza wavuvi kama lile boti jingine limefika. Watu wale wa mwalo, ambao huwezi kuwaambia siri ya bei asubuhi isifike Uvira kabla ya adhuhuri, walikuwa wakitazama nyavu zao. "Bado, mwanangu," walisema, na kumpa samaki. Mwingine alimpa kuhe mzima, samaki wa kulisha harusi. Nilimwonea wivu. Mimi niliyezaliwa pale sikuwahi kupewa hata mkia.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni mlimau. Bibi alikuwa na mlimau mmoja mbele ya mlango, na aliupenda kuliko alivyompenda marehemu babu. Alisema hivyo mwenyewe. Limau lake lilikuwa la samaki, la kikohozi, la mashetani na la mgeni. Mvua zilipokolea tukaona kwenye majani vitu kama kinyesi cha ndege, na vile vinyesi vikawa vinatembea. Viwavi. Wakanenepa, wakageuka kijani. Ukimgusa mmoja anatoa vipembe vyekundu na harufu ya kukutoa machozi. Wakala majani kwa sauti. Nakwambia, ukikaa chini ya ule mti ulisikia kutafuna kama wanajeshi wako mezani.

Bibi akaja na jivu moto kwenye kijiko.

"Bibi, hao ndio wao," Donata akasema. "Hao ndio vipepeo. Weusi wenye njano."

Bibi alisimama na kile kijiko mpaka jivu likapoa. Kisha akalimwaga pembeni, akashika tawi lililokwisha nyonyolewa majani, akasema polepole, si kwetu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikajua amezeeka. Mlimau ulibaki vijiti.

Siku walipotoka, lo! Wamejifunga kwenye vijiti kwa siku nyingi, wamekauka kama watu waliojifunika gubigubi, na asubuhi moja baada ya mvua wakaanza kupasuka, mmoja baada ya mwingine, wamekunjamana, wamelowa, wakajinyoosha juani. Waliporuka, jua lilipungua, naapa lilipungua. Wakaingia ndani. Mmoja akatua kwenye mfuniko wa chungu, wengine ukutani, na mmoja begani kwa Bibi akakaa kama mjukuu. Donata hakupiga kelele. Alikwenda kuoga. Akavaa gauni alilopewa la Idi, ingawa yeye ni Mkristo, akajichana, akaketi kizingitini, mikono mapajani, uso ziwani.

Alikaa mchana kutwa. Hakuja mtu, hata wa kuomba maji.

Maua ya alasiri yakafunguka. Nondo wakaanza kuzunguka mpapai. Na kwenye njia itokayo mwaloni akatokea mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, anapanda polepole akisimama kupumua. Donata akanyanyuka. Nilimwona jinsi alivyonyanyuka, kama mtu anayevutwa kwa juu. Akakimbia, na katikati ya njia akapunguza mwendo.

"Masenge!" akaita.

Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Alikuwa akimtafuta kambi kwa kambi, mpaka mtu mmoja akamwambia kuna mtoto kabaki Kibirizi, na mwaloni wakamwonyesha kwa kidole: nenda nyumba ile yenye maua.

Bibi alimpa maji. Akampa chakula. Hakumuuliza kitu mpaka alipokula, kisha wakaingia chumbani wao wawili. Hawakukaa sana. Shangazi alipotoka alimshika Donata mkono, wakakaa kwenye ukingo wa mawe kati ya maua, nami nikabaki karibu nao kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Kirundi kile nilikielewa chote. Laiti ningekuwa sikielewi.

"Mama yako hayupo, mwanangu. Lile boti halikufika."

Donata akauliza, "Na mtoto?"

Shangazi akatikisa kichwa.

Nondo walikuwa juu yetu, wengi, hewa ilikuwa ikivuma kwa mbawa zao. Donata aliwatazama kidogo. Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka nyumbani, akaushika ule mlango uliokuwa wazi msimu mzima, akaufunga. Aliufunga vizuri, akatia na komeo la nje. Akabaki nje amesimama, uso kwenye mbao.

Ndipo kilio kikaanza. Wa kwanza kulia kwa sauti alikuwa Bibi.

Kabla giza halijakamilika akina mama wa dagaa walikuwa wameshapanda, na mikeka, na unga, na mkaa, na sufuria kubwa ya shughuli. Sikuwahi kuona msiba uliokusanyika upesi hivyo. Waislamu na Wakristo walikaa uani kwetu kumlilia mwanamke ambaye hakuna aliyemjua kwa sura. Wavuvi walisimama pembeni, kofia mkononi. Mimi nilikuwa na hasira na vipepeo. Nilimwambia Bibi kwamba ni waongo. Alinivuta akaniweka mapajani, mtoto mkubwa kama mimi.

Matanga yalipokwisha, Donata alipanda lori na shangazi yake kwenda kambini. Hakuwa na sababu tena ya kubaki pale pale. Hatukuonana tena. Nimewahi kusikia walirudi kwao amani ilipopatikana. Nimewahi kusikia pia kwamba hapana.

Miaka mingi ikapita. Bibi alipofariki, mimi na Mama tulikuwa tukikunja mikeka ya matanga yake, tumechoka, tunazungumza ya kale, ndipo Mama akasema kama anayetaja hali ya hewa, "Lile boti la kina Donata tulijua tangu juma la kwanza. Wavuvi waliokota mabegi yakielea."

Nilishika mkeka nikashindwa kuukunja. "Mlijua? Mwalo mzima?"

"Mwalo mzima."

"Mkamwacha mtoto anangoja?"

"Tungemwambia sisi nani wake?" Mama akasema. "Habari ya kifo cha mama haipelekwi na mtu baki. Ukimpa mtoto habari ile bila damu yake karibu, umempa mzigo na hakuna wa kushika upande wa pili. Bibi yako alisema: tutamlisha, tutamvika, tutamlaza. Hilo moja lina mwenyewe, na mwenyewe lazima aje."

"Na asingekuja?"

Mama alichukua ule mkeka mikononi mwangu. "Unadhani kwa nini Bibi yako alikubali mlimau wake uliwe?"

Sijui hadi leo kama walifanya vyema. Zipo siku nasema hapana, mtoto asingepaswa kukaa kizingitini na gauni la Idi mchana kutwa. Kisha nakumbuka vile vikombe alivyokuwa akivishika kwa mikono miwili, na msimu mzima ule aliokuwa bado ana mama. Ninachokijua ni kidogo. Nilidhani bustani ile ilikuwa yetu sisi watoto wawili, na Bibi ni mzee aliyetuvumilia. Kumbe alikuwa akiilima pamoja nasi, kila siku, kwa haja yake. Mmoja alikuwa akimwita mama, mwingine akimwita mtu wa kuja kusema kwamba mama hayupo; na jioni ile, aliyepanda njia ile polepole akisimama kupumua, alikuwa mgeni wa Bibi.